Kituo kilichosogea, mabasi yakabaki nyuma: somo la kituo cha Kipling, Toronto, kwa wasafiri wa Lubumbashi

Jioni moja ya mwezi wa kumi na mbili, mvua ikiwa imetoka kukatika, nilisimama karibu na Tuneli hapa Lubumbashi, pale barabara inapopita chini ya njanja (reli ya gari moshi), nikimwangalia mama mmoja. Alishuka kwenye teksi-basi iliyotoka Ruashi akiwa na beseni tupu la mikate. Akalitua, akafungua fundo kwenye pembe ya kikwembe, akahesabu franka zake, akafunga tena. Kisha akavua ndara, akazitia ndani ya beseni, akaanza kukanyaga matope kuelekea upande wa pili, walipokuwa vijana wakiita: "Katuba! Katuba! Bado wawili!" Gari la kwanza lilijaa kabla hajalifikia. La pili likasimama mbele zaidi, watu wakalikimbilia, naye na beseni lake hakuweza kukimbia. Alipanda la tatu.

Safari ya mama yule ilikuwa na vipande viwili vya gari, lakini kilichomchosha ni kile cha katikati kisicho na gari: mita chache za matope, giza na kusukumana. Sisi tunaoshughulika na mipango ya usafiri tunapotaja "kituo cha kubadilishia" tunazungumzia mita hizo. Watu wakisikia neno hilo hufikiria jengo la vioo lenye ngazi za umeme. Jengo linaweza kuwepo au lisiwepo. Kinachotafutwa ni kwamba mtu ashuke hapa, apande pale, na katikati asipate shida.

Kuna hesabu ambayo wataalamu wa usafiri huitumia na wananchi wengi hawajawahi kuisikia. Tunapopima urefu wa safari, dakika ya kungojea au ya kutembea kati ya gari na gari haihesabiwi sawa na dakika ya kukaa kwenye kiti. Kwa kawaida hupewa uzito wa karibu mara mbili, kwa sababu ndivyo watu wenyewe wanavyoihisi. Ndiyo maana mji unaweza kununua mabasi mapya, abiria wakapanda na bado wakalalamika vilevile. Wanalalamikia mahali ambapo basi halipo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka mbali, Toronto, mji mkubwa kuliko yote wa Kanada. Njia ya metro (treni ya mjini) inayovuka mji huo kutoka mashariki hadi magharibi ilifunguliwa mwaka 1966. Mwaka 1968 upande wa magharibi ukarefushwa hadi kituo cha Islington, na hapo pakawa mwisho wa reli. Baada ya mpaka wa Toronto, upande huohuo, kuna mji mwingine, Mississauga, nao una mabasi yake wenyewe. Mabasi hayo yalizoea kuleta watu Islington ili wapande metro. Tarehe 22 Novemba 1980 reli ikasogezwa kituo kimoja mbele, hadi Kipling, karibu zaidi na Mississauga. Metro ikasogea. Mabasi ya jirani hayakusogea.

Yalibaki Islington miaka 40.

Hebu fikiria hali hiyo. Metro inaishia Kipling. Treni za mkoa, zinazoitwa GO, nazo zinasimama Kipling. Lakini anayetoka Mississauga kwa basi anapitishwa karibu na hapo, anapelekwa mbele hadi kituo kinachofuata, ndipo anashuka. Na yule anayetaka kushuka kwenye treni ya mkoa apande basi la Mississauga anafika kituo ambacho basi lake halifiki. Kila chombo kilikuwepo, kila kimoja kilifanya kazi yake vizuri, ila havikukutana. Abiria ndiye aliyekuwa daraja.

Mwanzoni mwa Januari 2021 hatimaye kilifunguliwa kituo kipya cha mabasi palepale Kipling, kilichojengwa na Metrolinx, shirika la usafiri la mkoa wa Ontario. Mabasi ya Mississauga yakahama, mabasi ya mkoa yakapata nafasi yao, na njia za waenda kwa miguu zikaunganisha mabasi, treni ya mkoa na metro. Ukiitazama kwa macho ya mhandisi, kazi yenyewe haikuwa ya ajabu: sehemu za kuegesha mabasi, mapaa, lifti, taa, vibao. Kwa nini basi ilichukua miaka 40? Kwa sababu metro ilikuwa ya mji wa Toronto, mabasi yalikuwa ya Mississauga, treni ilikuwa ya mkoa, na reli ambayo treni hiyo inapita ni ya kampuni ya mizigo. Kila mwenye chombo alitazama chombo chake. Nafasi iliyo kati ya chombo na chombo haikuwa na mwenyewe. Ninapoulizwa kama tatizo la usafiri ni fedha, jibu langu huwa hilo: fedha ni tatizo, ndiyo, lakini kwanza niambieni nani anamiliki zile mita za katikati.

Halafu likaja jambo la tiketi, ambalo kwangu lina uzito kuliko ujenzi. Kituo kilipofunguliwa mwaka 2021, abiria wa Mississauga alishuka kwenye basi, akatembea hatua chache, akakuta mlango wa metro, na hapo akalipa nauli ya pili. Miili ilikuwa imeunganishwa, mifuko bado. Ni tarehe 26 Februari 2024 tu ambapo mkoa ulianzisha utaratibu wa nauli moja: ukilipa kwenye basi la jirani, metro unaingia bila kulipa tena, mradi ni ndani ya saa mbili. Miaka mitatu ilipita kati ya ukuta na tiketi.

Hapa kwetu sina haja ya kueleza nauli ya mara mbili ni nini. Dereva anayekata safari nusu ya njia, akashusha watu wote na kugeuza gari ili apakie upya, amewafundisha wakaaji wa Katuba na Ruashi somo hilo bila kitabu. Hata tukijenga kituo kizuri namna gani, kama hakuna mapatano na wenye magari kuhusu wapi njia inaanza na wapi inaishia, tutakuwa tumejenga mahali pazuri pa kulipia mara mbili.

Niseme kidogo jinsi kituo cha mwisho cha metro kinavyofanya kazi, kwa kuwa wengi wetu tunajua njanja ya masafa marefu tu. Kwa kawaida treni ya metro haigeuzwi. Ina chumba cha dereva mbele na kingine nyuma. Ikifika mwisho, dereva anazima upande mmoja, anashuka, anatembea urefu wote wa treni hadi upande wa pili, na ule uliokuwa mkia unakuwa kichwa. Mahali pengine dereva wa pili huwa ameshasimama anangoja, ili dakika hizo zisipotee. Reli mbili zimeunganishwa kwa njia panda zinazovukana, treni inaingia upande huu na kutokea upande ule. Inaonekana jambo dogo, lakini uwezo wa njia nzima mara nyingi unaamuliwa hapo: kituo cha mwisho kikichelewesha treni moja, zile za nyuma zote zinapanga foleni, hadi katikati ya mji.

Na kuna wimbi la watu. Kwenye vituo vya katikati abiria wanashuka wachache wachache. Kwenye kituo cha mwisho wote waliobaki wanashuka kwa pamoja. Treni ya metro yenye mabehewa 6 inaweza kubeba watu kama 1,000. Tuseme imefika ikiwa nusu: watu 500 wamemwagika kwenye mlango mmoja. Teksi-basi ya watu 18 ingehitajika mara 28 kuwaondoa hao, kabla treni inayofuata haijafika dakika chache baadaye. Kwa hiyo kituo cha mwisho bila mabasi makubwa yanayongoja karibu ni mtego. Hesabu hii ni ya shule ya msingi, na bado nimeona michoro ya vituo, katika miji mbalimbali, ambayo imeweka maduka mlangoni na mabasi nyuma ya maduka.

Afrika nayo ina mfano wake. Kairo, mji wa kwanza katika bara letu kuwa na metro, tangu mwaka 1987, ina kituo kiitwacho Adly Mansour, mwisho wa mashariki wa njia yake ya tatu. Metro ilifika hapo mwaka 2020. Mwezi wa saba 2022 ikafunguliwa treni nyepesi ya umeme inayotoka hapohapo kwenda miji mipya ya jangwani, ukiwemo mji mkuu mpya wa utawala. Waliamua tangu mwanzo kwamba mwisho wa njia moja uwe mwanzo wa nyingine. Ni rahisi zaidi kuliko kurekebisha baada ya miaka 40, ingawa inataka ardhi kubwa, na ardhi kubwa hupatikana nje ya mji, mbali na watu wengi.

Sasa turudi nyumbani. Lubumbashi haina metro, na sitamdanganya mtu kwamba inakuja. Lakini ina gare, yaani stesheni ya njanja, na gare hiyo ndiyo iliyouzaa mji. Njanja ilifika hapa mwaka 1910, mwaka uleule mji ulipoanzishwa, ikitokea kusini kupitia Sakania. Upana wake ni mita 1.067, sawa na reli za Zambia na Afrika Kusini. Baadaye ikaendelea kaskazini, na mwaka 1928 ikafika Ilebo kwenye mto Kasai. Mwaka 1931 ikaungana na reli ya Lobito inayokwenda baharini kupitia Angola. Kwa maana ya kiufundi, basi, gare yetu si mwisho wa reli. Ni kituo cha kupitia. Kwa msafiri anayeteremka na mizigo yake ni mwisho, maana kuanzia hapo njanja haimpeleki tena popote ndani ya mji.

Siku hizi tukisikia habari za reli ya Lobito, mazungumzo yanahusu shaba na kobalti. Ni sawa, madini ndiyo yaliyoileta reli tangu mwanzo. Lakini Kipling inatupa onyo hapa pia: ile treni ya mkoa inayopita pale hutembea saa za asubuhi na jioni tu kwa sababu reli ni ya kampuni ya mizigo, na mizigo ina haki ya kwanza. Yeyote anayeota treni ya abiria kati ya komini (manispaa) zetu, au hata hadi mji wa Likasi, aulize swali hilo mapema: behewa la madini na behewa la wanafunzi vikikutana, nani anasubiri?

Kitu ambacho ningependa kilindwe kabla ya vyote ni ardhi. Reli zote za zamani ziliacha katikati ya miji maeneo mapana ya kupangia mabehewa, na maeneo hayo hutamanisha. Leo kinakatwa kipande cha duka la simu, kesho cha ghala, keshokutwa cha kituo cha mafuta. Ardhi ya karibu na gare ikishakatwa hivyo, hata fedha zikipatikana baadaye, mabasi yatawekwa mbali, na tutakuwa tumejitengenezea Islington yetu. Kuilinda hakuhitaji mkopo wa nje. Kunahitaji mtu wa ofisini kukataa kutia sahihi.

Watu wa biashara ndogo nao wana mahali katika hesabu hii. Kila mpango wa kituo ninaouona huanza kwa kuwafukuza: mama wa mikate, vijana wa unite (vocha) za simu, wabadilisha fedha. Baada ya miezi miwili wanarudi, safari hii wakiwa kwenye njia yenyewe ya kupita, kwa kuwa hakuna aliyewachorea nafasi. Msafiri anayebadilisha gari ananunua. Ndivyo ilivyo kila mahali duniani. Wachorewe meza kando ya njia, chini ya paa, karibu na bomba la maji na choo, na njia itabaki wazi. Choo nakitaja kwa makusudi. Wanaochora vituo wengi ni wanaume, na inaonekana.

Ikitokea siku komini yako ikawaita wakaaji kuonyeshwa mchoro wa kituo, au hata wa kusogeza tu mahali pa teksi-basi, usikae kimya kwa sababu si mhandisi. Weka kidole pale gari la Ruashi linaposhushia. Weka kidole kingine pale la Katuba linapopakia. Uliza kati ya vidole hivyo viwili pana nini: paa au mvua, taa au giza, lami au matope, na ni ofisi gani inayopafagia. Uliza pia mwenye kiti cha magurudumu anapita wapi. Jibu liandikwe kwenye mchoro, kwa kalamu, kabla hamjatoka ukumbini.