Ndevu ngumu zinataka maji kwanza

Kila kipupwe kikiingia, wateja wanaokaa kwenye kiti changu cha kinyozi hapa Mwanjelwa, Mbeya, huja na lalamiko lile lile: "Fundi, ndevu zimekuwa waya. Napaka mafuta asubuhi na jioni, lakini wapi." Ukizishika, mkono unatoka umejaa mafuta, na chini ya mafuta ndevu zimekakamaa vile vile. Nimechoka kujibu mtu mmoja mmoja huku mashine inanguruma na foleni inasubiri. Leo nalimaliza jambo hili kwa maandishi, pamoja na maneno mengine ya ndevu ninayoyasikia kitini.

"Ndevu zimekauka, ziongezee mafuta"

Hapana. Ndevu zilizokauka zimekosa maji. Mafuta hayana maji ndani yake, hivyo hayawezi kuzipa kile zilichokosa. Kazi yake ni kuyazuia maji ambayo tayari yameingia yasitoke haraka. Kupaka mafuta kwenye ndevu kavu ni sawa na kufunika sufuria tupu na kungoja wali uive.

Tatizo linaanzia kwenye umbo la udevu wenyewe. Udevu uliojisokota ukikatwa na kutazamwa kwa hadubini, mkato wake si duara, umebonyea pande mbili, na tundu unamotokea nalo limepinda ndani ya ngozi. Ngozi ya uso ina tezi zinazotoa mafuta yake ya asili. Kwenye unywele ulionyooka mafuta hayo huteleza kutoka shinani mpaka nchani. Kwenye udevu wenye kona nyingi yanakwama karibu na shina, ncha inabaki kavu. Tena kwenye kila kona yale magamba madogo yanayoufunika udevu huinuka, unyevu unapotelea hapo, na udevu mmoja unakwaruzana na mwenzake. Huo mkwaruzo ndio mnaouita ugumu.

Sasa ongeza hali ya hewa ya kwetu. Mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Mei mpaka Oktoba mvua ni ya nadra sana, Juni na Julai baridi inauma, na hewa ya baridi hubeba unyevu kidogo. Upepo wa Makambako kila dereva wa lori anaujua. Kijana wa bodaboda anayeshinda kati ya Uyole na Mbalizi bila kufunika uso anarudi jioni kidevu kimekauka na vumbi limetanda juu yake. Huyo akiongeza mafuta ya mgando, vumbi limepata pa kushikia. Kesho yake anakuja kwangu ndevu zimenatana, anasema mafuta aliyouziwa ni feki, ananiuliza kuna yapi makali zaidi. Hakuna mafuta makali zaidi, kaka. Kuna maji, na bombani yapo.

Udevu umejengwa kwa protini iitwayo keratini. Ukilowa unaweza kunyonya maji yanayofikia asilimia 30 hivi ya uzito wake, unavimba kidogo na kulegea. Ndani yake kuna vifungo vidogo vya haidrojeni vinavyolishikilia umbo. Kwenye maji vifungo hivyo huachia, na udevu ukikauka vinajifunga upya. Kwa hiyo ndevu hubaki na mkao zilioupata wakati zinakauka. Ukitoka kuoga ukavaa helmeti moja kwa moja, zitakauka zimebanwa upande, na siku nzima utahangaika nazo. Ukizilaza vizuri zikiwa bado na unyevu, zitakaa hivyo mpaka zilowe tena. Ndiyo maana pia manyunyu ya Tukuyu yanaharibu kazi ya asubuhi yote: maji yameingia upya, vifungo vimeachia, udevu umerudi kujisokota.

Fanya hivi. Lowesha ndevu kwa maji ya uvuguvugu dakika mbili au tatu, mpaka uhisi kwa vidole kwamba zimelegea mpaka kwenye ngozi. Maji ya moto sana usitumie, yanaondoa hata yale mafuta kidogo ya asili uliyonayo. Zikaushe kwa kuzibonyeza na taulo, usizisugue. Zikiwa bado na unyevu, weka mafuta matone matatu au manne kiganjani kama ndevu ni fupi, mara mbili ya hapo kama zinajaa ngumi. Sugua viganja, anza na ngozi ya chini kwa ncha za vidole, kisha shuka mpaka nchani. Chukua chanuo la meno mapana, uanze kuchana kutoka nchani ukipanda kidogo kidogo kuelekea shinani. Anayeanzia shinani anavuta fundo lote kwa pamoja na kukata ndevu njiani, halafu anashangaa kwa nini hazirefuki.

Mwisho wa kazi, funga kitambaa laini cha pamba juu ya kidevu kwa dakika kumi hivi huku unavaa au unakunywa chai. Wengi wananicheka nikiwaambia hili. Wawatazame Masingasinga, watu ambao dini yao inawataka wasikate nywele wala ndevu: wengi wao hufunga kitambaa namna hiyo hiyo mpaka ndevu zilale, na huwezi kukuta mtu anayejua kutunza ndevu ndefu kuwazidi.

Na sabuni. Kuna watu wanaoshea ndevu sabuni ya mche, ile ile ya kufulia, kila asubuhi. Ngozi ya uso ina asidi kidogo, pH yake (kipimo cha asidi: chini ya 7 ni asidi, juu ya 7 ni alkali) iko karibu na 5, wakati sabuni za mche na nyingi za kuogea ziko 9 au 10. Zinainua magamba ya udevu na kuondoa kila kitu. Osha ndevu kwa shampuu mara mbili au tatu kwa wiki, kisha paka kondishna, ile ya kulainisha nywele, uiache dakika tatu kabla ya kuisuuza, na siku nyingine maji matupu yanatosha. Ukiniambia una pesa ya kununua kitu kimoja tu, nunua kondishna, acha mafuta. Nalisema hili hata kwa wateja wanaokuja kununua mafuta dukani kwangu.

Anayetumia brashi ya umeme ya kunyoosha aitumie juu ya ndevu zilizokauka kabisa. Kwenye ndevu mbichi maji yanachemka ndani ya udevu na kuutoboa, na joto likizidi nyuzi 200 keratini yenyewe inaharibika. Udevu ulioungua hauponi. Unakatwa.

"Vipele vya kidevuni ni mashine chafu za saluni"

Mashine chafu zipo, na zinaleta mambo mabaya: mapunye, majipu, na pale damu inapotoka, hata homa ya ini. Una haki ya kumwambia kinyozi asafishe meno ya mashine na kuyapitishia spiriti mbele ya macho yako, na akinuna, ondoka. Lakini vile vipele vigumu vya shingoni vinavyorudi kila ukinyoa, hata ukinyolea nyumbani kwa wembe wako mwenyewe uliofunguliwa muda huo huo, havitokani na uchafu.

Udevu uliopinda ukikatwa chini sana unaachwa na ncha kali. Unapoota unageuka na kuichoma ngozi, au unajikunja chini yake kabla hata haujatoka. Mwili unaupokea kama mwiba, unavimba, unatoa usaha. Wembe wenye makali mawili au matatu unazidisha: la kwanza linauvuta udevu, linalofuata linaukata chini ya usawa wa ngozi. Mtu akivuta ngozi kwa kidole na kunyoa kinyume na uotaji, amekamilisha madhara.

Dawa ya hali hii ni kuacha udevu wa milimita 1 mpaka 3 kwa kutumia mashine, basi. Mteja ananiomba nimlambe shingo ing'ae kwa sababu ana harusi Jumamosi. Namwambia wazi kwamba Jumatano inayofuata atakuwa na vipele. Kama vimeshajaa, acha kunyoa kwa wiki tatu au nne. Udevu ulionasa unainuliwa ncha tu, kwa sindano safi, haung'olewi, kwa sababu ukiung'oa mpya utakuja kwa njia ile ile iliyopinda.

Na tafadhali, acheni zile tyubu za steroidi, dawa za kutuliza uvimbe wa ngozi, mnazonunua duka la dawa bila cheti mkazichanganya na losheni. Kipele kinapotea kwa siku chache, kila mtu anafurahi, halafu ngozi inakuwa nyembamba, inabadilika rangi, na vipele vinarudi vikali kuliko mwanzo. Kipele kinachoenea, au ndevu zinazopukutika kwa duara, ni vya kupeleka kliniki ya ngozi. Mimi ni kinyozi.

"Nyoa mara kwa mara zitakuwa nyingi"

Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1928 mwanaanatomia wa Marekani, Mildred Trotter, alichapisha utafiti juu ya kunyoa na uotaji wa ndevu, akakuta wembe haubadilishi chochote. Sehemu ya udevu inayoonekana haina uhai, haina njia ya kupeleka habari kwenye shina kwamba imekatwa. Unachokihisi baada ya kunyoa ni ncha butu. Udevu ambao haujawahi kukatwa una ncha nyembamba, uliokatwa una ncha pana, basi unaonekana mweusi zaidi na unachoma mkono.

"Paka dawa ya nywele, zitanyooka"

Hili linanikera, maana nimeona midomo iliyobabuka. Dawa nyingi za kulainisha nywele zina sodiamu haidroksaidi, nyingine kalsiamu haidroksaidi inayochanganywa na guanidini, na pH yake inapita 12. Zimetengenezwa kwa ajili ya nywele za kichwani. Wewe unazipeleka kwenye ngozi ya uso, sentimita chache kutoka kwenye jicho. Na hata usipoungua, udevu unaendelea kutoka kwenye tundu lile lile lililopinda, kwa kasi ya sentimita 1 au zaidi kidogo kwa mwezi. Baada ya wiki mbili juu umenyooka, chini umejisokota, na pale unapokutana ndipo unapokatika.

"Kuna mafuta ya kuotesha ndevu"

Matundu ya nywele ulizaliwa nayo yote. Mafuta ya parachichi kutoka Rungwe au Njombe ni mazuri sana, nayapenda kuliko mengine yote kwa sababu yanalainisha bila kunata, lakini hayaongezi tundu hata moja. Ndevu huja kwa urithi na homoni, na wanaume wengi huendelea kujaziwa mashavu mpaka wanakaribia miaka 30. Kijana wa miaka 20 mwenye mapengo asubiri. Minoksidili ni dawa ya hospitali inayotumika kwa kichwa kinachopata upara, si mafuta, kwa hiyo usiipake kwa ushauri wa muuzaji wa mtaani.

"Piko inalainisha"

Piko inatia rangi, kwisha. Nyingi zina kemikali ya PPD inayoweza kuvimbisha uso mzima kwa mtu asiyepatana nayo. Paka kidogo nyuma ya sikio, ukae siku mbili ukiangalia, ndipo uniletee kidevu.

"Mafuta ya nazi yakiganda yamechakachuliwa"

Mafuta halisi ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Dar es Salaam hutayaona yameganda kirahisi. Mbeya mwezi wa Julai yatakuwa jiwe asubuhi zote, na huko Makete ndiyo usiseme. Usiyatupe wala usigombane na aliyekuuzia. Tia chupa kwenye bakuli la maji ya moto kwa dakika mbili, yatayeyuka. Ila kwa miezi ya baridi mimi nashauri parachichi au alizeti, maana ya nazi yakirudi kuganda kwenye ndevu ukiwa barabarani yanaacha chembe nyeupe.

"Ziloweshe ndipo zikatwe vizuri"

Kwa wembe, ndiyo: udevu uliolowa hukatika kwa nguvu ndogo zaidi. Kwa mkasi na mashine, hapana. Ndevu zilizojisokota zikilowa hurefuka, zikikauka hujikunja na kupanda juu. Kinyozi akikata kwa kipimo cha ndevu mbichi, ukifika nyumbani utakuta zimepungua kuliko ulivyotaka. Njoo zimekauka, zimechanwa, bila mafuta, nami nitakata kinachoonekana.