Je, wajua? Kiwavi anayemaliza mahindi husaidia kujenga mabomba ya seli

Mkulima wa mahindi hahitaji kuambiwa kiwavijeshi vamizi ni nani. Lakini zipo maabara ambako seli zilizotokana na mdudu huyo, ziitwazo Sf9, hutunzwa kwenye chupa kama mboni ya jicho. Moja ya kazi zake ni kutengeneza tubulini ya binadamu.

Tubulini ni protini ya pacha wawili, alfa na beta. Pacha hao hubebana na kuwa nyuzi, na nyuzi zipatazo 13 zikijipanga kwa duara huwa bomba lenye upana wa nanomita 25 tu: mikrotubuli. Seli inapogawanyika, mabomba hayo ndiyo hutenganisha kromosomu.

Kuyajenga nje ya seli si jambo geni. Mwaka 1972 Richard Weisenberg alionyesha kwamba ukisaga ubongo, ukaifunga kalsiamu iliyomo isiingilie, ukaongeza GTP, molekuli ndogo ya nishati ambayo tubulini huishika, na kupasha joto, mabomba hujiunga yenyewe. Yatie kwenye barafu, yanavunjika. Tangu hapo watafiti wakawa wateja wa machinjio. Ubongo wa ng'ombe au nguruwe husagwa ungali baridi, huzungushwa kwa kasi mashineni makapi yatuame, kisha hupashwa hadi nyuzijoto 37 za Selsiasi. Mabomba yakijijenga hukusanywa, hupoozwa yavunjike, na kazi huanza upya. Kila mzunguko tubulini huzidi kuwa safi.

Safi, ila ya mchanganyiko. Ubongo una aina kadhaa za tubulini, na nyingi zimeshabandikwa viambatisho vya kikemia. Ni kama kupima uimara wa ukuta wa matofali yaliyookotwa kwa mafundi watano. Isitoshe, ng'ombe huwezi kumwagiza protini ya vipimo vyako.

Basi si wangetumia bakteria, wale wanaotutengenezea insulini? Haikukubali. Tubulini haiwezi kujikunja ikakaa sawa bila protini saidizi ambazo bakteria hawana. Seli za wadudu wanazo. Jeni ya binadamu hupakiwa ndani ya virusi vya wadudu, navyo huiingiza kwenye seli.

Taabu ni kwamba seli hizo zina tubulini yake zenyewe, na pacha huoana ovyo: alfa ya mtu na beta ya mdudu. Mwaka 2013 watafiti wa Japani walilimaliza hilo kwa kumfunga alfa mkia wa aina moja na beta mkia wa aina nyingine, wakachuja mara mbili. Aliyekosa mkia mmoja hakupita.

Hapo ndipo uhandisi wenyewe ulipofunguka. Kwa kawaida GTP ikishakatwa bomba hulegea, na ncha yake huweza kuporomoka ghafla. Asidi amino, yaani pingili ya mnyororo wa protini, namba 254 ya alfa ndiyo inayosaidia kuikata. Ibadilishe hiyo moja, kati ya 451, na bomba linabaki limesimama.