Kumbukumbu ya chanzo, na kwanini "mzee ameanza kusahau" sio jibu

Jamani hili neno dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu, tulipunguzie kazi. Mzee akisema "si wewe mwenyewe uliniambia bei ya mahindi imeshuka" wakati aliyemwambia ni shemeji yako, basi watu wanaangaliana, mmoja anatoka nje kupiga simu, "baba ameanza". Ameanza nini sasa? Bei anaikumbuka mpaka shilingi ya mwisho, kilichompotea ni nani aliyeitaja.

Hicho kilichompotea ndo kumbukumbu ya chanzo, yaani kujua jambo ulilipata wapi, nani alisema, nani alifanya, uliliona au uliliwaza tu mwenyewe. Basi, maana yake imeisha hapo.

Kinachoniudhi ni watu kuchukulia kumbukumbu kama kitu kimoja, ama unayo ama huna. Kukumbuka jambo na kukumbuka limetoka kwa nani ni kazi mbili, na hazizeeki kwa mwendo mmoja. Mwaka 1995 Spencer na Raz walikusanya tafiti nyingi za watu wazima wenye afya yao wakakuta kumbukumbu ya mazingira ya jambo inashuka zaidi na umri kuliko kumbukumbu ya jambo lenyewe. Wenye afya yao, sio wagonjwa.

Sababu ni kwamba ubongo haubandiki jina la msemaji kwenye kila kauli. Mwanasaikolojia Marcia Johnson na wenzake walieleza vizuri mwaka 1993, kwamba tunapokumbuka tunakisia chanzo kwa kutumia vipande vilivyobaki, sauti ilikuwaje, sura gani, tulikuwa wapi, halafu tunaamua, na tunaamua haraka hivi kwamba hatujui kama tumeamua. Kuna sehemu ya ndani ya ubongo inaitwa hipokampasi inayounganisha hivyo vipande, na sehemu ya mbele nyuma ya paji la uso inayokagua kama vinaendana, na zote mbili zinabadilika na umri. Naveh-Benjamin mwaka 2000 alionyesha wazee wanalitambua neno moja moja vizuri tu, ila ukiwauliza neno lipi lilikaa na lipi, hapo ndo wanaachwa na vijana. Mwaka 2008 Kersten, Earles na wenzao wakatumia video za watu wakifanya vitu mbalimbali, ikawa hivyo hivyo: mtu wanamjua, kitendo wanakijua, ila wazee zaidi ya vijana wanampa mtu huyu kitendo cha yule. Kwa hiyo mama mkubwa akiapa kwamba ni Juma aliyevunja chungu na wakati ni mdogo wake, hadanganyi. Juma kweli alikuwepo, na chungu kweli kilivunjika.

Na hapa naomba tusichanganye na ile ya mzee kukurudishia hadithi moja mara ya nne. Hiyo ni kumbukumbu ya uliyemwambia, inaenda upande mwingine kabisa. Gopie, Craik na Hasher mwaka 2010 waliwafanya watu waambie taarifa ndogondogo picha za watu maarufu kama Oprah Winfrey (najua inachekesha), wazee wakakumbuka taarifa, wakakumbuka sura, ila nani aliambiwa nini ikawashinda, tena wakawa na uhakika zaidi kwamba hawajamwambia mtu ambaye walishamwambia. Ndo maana ukimkatisha anakushangaa. Walipogeuza, zile picha zikawa ndo zinamwambia mtu, tofauti ya umri ikapotea, kwa hiyo hata hiki chanzo chenyewe hakishuki kila mahali sawasawa.

Kuna utafiti wa Rahhal, May na Hasher wa 2002 ambao naupenda sana. Ukimuuliza mzee kauli hii ilisemwa na sauti ya mwanaume au mwanamke, kijana anamshinda. Ukimuuliza kauli hii ilikuwa ya kweli au ya uongo, au aliyeisema ni mtu mwema au mbaya, pengo linaisha. Wanachokiona kina maana wanakishika.

Ila usitegemee hilo peke yake kwenye mambo ya dawa. Mwaka 2005 Skurnik na wenzake waliwarudiarudia wazee kwamba madai fulani ya kiafya ni uongo, baada ya siku 3 wale waliorudiwa zaidi ndo walielekea zaidi kuyaona ya kweli, kwasababu dai lilibaki limezoeleka na lile onyo likadondoka njiani. Sasa wewe endelea kumwambia bibi kila asubuhi "hiyo mizizi haitibu presha". Mwambie kinachotibu, sio kisichotibu.

Hospitali mpeleke akipotea njia ya nyumbani anayoijua, akirudia swali lile lile ndani ya dakika chache, au mazungumzo yote yakafutika kana kwamba hayakuwepo. Akichanganya msemaji tu, usiseme amesahau, sema amechanganya nani alisema. Na kwenye vikao vya ukoo, hasa vya mashamba ambapo watu wanabishana "marehemu alisema" na kumbe alisema kaka wa marehemu, katibu anapoandika kauli aandike na jina la aliyeitoa, siku hiyo hiyo, wenyewe wakiwa bado wamekaa.