Happy End: yanayosemwa na yanayosikika kwenye santuri

Dhana iliyoenea zaidi kuhusu Happy End, kundi la roki la Tokyo lililodumu kuanzia 1969 hadi mwisho wa 1972, ni kwamba ndilo lililoanzisha roki ya Kijapani. Sivyo. Makundi ya vijana ya miaka ya 1960 yalikwisha kuimba kwa lugha hiyo, na kundi la Jacks lilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1968. Kazi ya Happy End ilikuwa ngumu zaidi, kwa kuwa wakati ambapo wanamuziki kama Yuya Uchida walishikilia kwamba roki haina budi kuimbwa kwa Kiingereza, wao walitafuta namna ya kuilaza lugha yao juu ya mapigo ya roki. Mashairi mengi yaliandikwa na mpiga ngoma, Takashi Matsumoto, naye Eiichi Ohtaki aliyaimba kwa kuvuta irabu na kukata maneno mahali ambapo msemaji wa kawaida asingeyakata.

Wengine hudhani walipiga nyimbo laini za gitaa kavu tu. Lawama naitupia filamu ya Lost in Translation ya 2003, iliyoutangaza wimbo wa “Kaze wo Atsumete”. Wimbo ni mzuri, lakini ni shahidi asiyetosha: waliourekodi ni wawili tu kati ya wanne, Matsumoto kwenye ngoma na Haruomi Hosono kwenye sauti na vyombo vingine. Albamu ya kwanza, ya 1970, ni nzito, na gitaa la Shigeru Suzuki linakwaruza kwa namna inayowakumbusha wasikilizaji kundi la roki la Buffalo Springfield.

Albamu ya Kazemachi Roman ya 1971 nayo husemwa kuwa ni hamu ya maisha ya mashambani. Kinacholiliwa humo ni jiji: Tokyo ya utoto wa Matsumoto, yenye tramu na vichochoro, kabla ya ujenzi wa Olimpiki ya 1964 kuibadilisha. Ingawa kundi lilimpigia muziki Nobuyasu Okabayashi, mwimbaji wa nyimbo za upinzani, Matsumoto hakuandika kaulimbiu. Alieleza mtaa, akamwachia msikilizaji hasira.

Albamu ya mwisho ilirekodiwa Los Angeles, mwanamuziki Mmarekani Van Dyke Parks akishiriki, na wapo wanaoona kwamba hapo kundi lilisalimu amri kwa Marekani. Lakini wimbo unaoifunga unaziaga nchi zote mbili, Marekani na Japani.