Baiti ya sifuri haikati maandishi kila mahali

Wengi huamini kwamba baiti ya sifuri (0x00) humaliza maandishi katika kila lugha ya programu. Hiyo ni desturi ya lugha ya C, isiyohifadhi urefu wa maandishi: strlen("ab\0cd"), yaani kuhesabu urefu wa maandishi ambamo \0 ni baiti ya sifuri, hutoa 2. Python, Java na JavaScript huhifadhi urefu kando, hivyo kwao maandishi hayohayo yana herufi 5.

Hatari iko mpakani, jina la faili linapokabidhiwa mfumo endeshi uliojengwa kwa C. Katika PHP ya kabla ya toleo 5.3.4, ukaguzi wa aina ya faili uliona .jpg (picha) mwishoni mwa "picha.php\0.jpg", kumbe faili lililofunguliwa ni picha.php! Leo open() ya Python hulikataa jina hilo kwa kosa liitwalo ValueError. Hifadhidata ya PostgreSQL nayo haiipokei baiti hiyo kwenye safu ya aina ya text (maandishi); tumia bytea, aina ya baiti ghafi.