Kapasitansi ya koili ya Tesla haiishii kwenye tufe

Vijana wanaojiundia koili za Tesla (mitambo ya kutoa volti kubwa na cheche) hapa Dodoma huniambia kwamba kapasitansi, yaani uwezo wa kubeba chaji ya umeme, ya koili ya pili (ile ndefu inayotoa cheche) ni ile ya tufe la chuma la kileleni, basi. Sivyo. Tufe lenye nusukipenyo cha sentimita 15, likiwa peke yake hewani, lina takriban pikofaradi 17 (pikofaradi ni kipimo cha kapasitansi). Lakini mizunguko ya waya nayo hubeba chaji, na ukuta, sakafu, paa la bati, hata mwili wako, vyote vinaongeza. Wala usijumlishe tu ya tufe na ya koili: tufe huikinga sehemu ya juu ya koili, kwa hiyo jumla halisi huwa pungufu.

Tuseme koili ina indaktansi (uwezo wa kupinga mabadiliko ya mkondo) ya milihenri 20 na mfumo mzima pikofaradi 25. Itavuma, yaani umeme wake utatetemeka kwa nguvu zaidi, kwenye masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ya kilohezi 225. Isogeze karibu na bati, ziongezeke pikofaradi 2 tu, inashuka hadi karibu 217. Hapo hailingani tena na koili ya kwanza inayoilisha, cheche zinafifia, na fundi analaumu waya!

Multimita ya kawaida haisaidii sana, kwani nyaya zake zenyewe zina pikofaradi kadhaa. Afadhali uilishe koili mawimbi dhaifu, utafute masafa inapoitikia kwa nguvu, ndipo upige hesabu ya kapasitansi. Pimia palepale itakapofanyia kazi, nawe usimame mbali.