Je, wajua kwa nini besi humkimbia mwenye kiti kizuri?

"Punguza kidogo, shemeji, kifua kinanitetemeka."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, kwenye kona ya nyuma ya chumba, na glasi za kabatini karibu naye zilikuwa zikilia. Mimi nilikuwa katikati ya kochi, mahali nilipopapima kwa tepu ili pawe sawasawa kati ya spika ya kushoto na ya kulia, na mkono wangu ulikuwa njiani kuelekea kwenye rimoti ili niongeze. Kwangu besi ilikuwa nyembamba kama ya redio ya mfukoni. Wimbo uleule, sekunde ileile, hatua nne tu kati yetu.

Nikapata jibu papo hapo: amplifaya imezidiwa. Jibu hilo halikuwa sahihi, nami nililing'ang'ania kwa miezi. Karibu kila anayepanga chumba kimoja cha filamu na muziki hulifikia kwanza, kwa hiyo linastahili kuchambuliwa polepole.

Wati zina ujanja wake. Namba kwenye boksi hupanda kwa kasi, sikio hupanda kwa kujivuta. Ukitoka wati 100 hadi 200, kwa desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, umeongeza 3 tu, tofauti ambayo mtu huitambua bila kuinuka kitini. Ili sauti ya masafa ya kati isikike kama imekuwa maradufu, zinahitajika takriban desibeli 10, na desibeli 10 maana yake ni nguvu mara kumi. Kwenye besi sikio lina tabia tofauti kidogo: mikunjo ya usikivu wa sikio waliyoichora watafiti Fletcher na Munson mwaka 1933 inaonyesha kwamba huko chini desibeli chache huleta badiliko kubwa zaidi. Ndiyo maana nilipoleta amplifaya yenye nguvu maradufu nilisikia kitu. Shemeji naye alisikia, akahama mlango. Lakini kile nilichokuwa nakitafuta hakikuja.

Na hata kama shida ingekuwa nguvu, kuna njia fupi. Spika inayotoa desibeli 90 kwa wati 1 inalingana na ya desibeli 87 iliyopewa wati 2. Tarakimu hiyo ndogo iliyojificha mwishoni mwa karatasi ya maelezo inaweza kukupa bure kile unachotaka kukinunua kwenye amplifaya.

Kosa la pili lilikuwa pacha wa la kwanza: basi ni spika, nitafute za ghali zaidi. Hapa nakiri kwamba macho yalikuwa yakisikiliza kuliko masikio. Mwaka 1994 watafiti wa sauti Floyd Toole na Sean Olive walichapisha jaribio ambalo wasikilizaji walipimishwa spika zilezile mara mbili, mara wakiziona na mara zikiwa nyuma ya pazia. Alama zilibadilika. Spika kubwa na ya kuvutia ilipendwa zaidi ilipoonekana. Pazia liliposhuka, sehemu ya ubora wake ikashuka nalo. Hilo halisemi kwamba spika zote ni sawa, maana hata nyuma ya pazia wasikilizaji waliendelea kuona tofauti. Linasema tu kwamba mtu aliyekwisha kulipa si shahidi mzuri.

Sasa jibu lenyewe. Besi ilikuwamo chumbani muda wote. Ilikuwa imejaa kwa shemeji na kunipita mimi.

Chumba changu kina urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.7. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde katika hewa ya nyuzi 20. Waya nene ya gitaa la besi, ikipigwa wazi, hutoa noti ya E yenye takriban 41 Hz, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na wimbi moja la noti hiyo lina urefu wa zaidi ya mita 8. Ni refu kuliko chumba. Halipati pa kujinyoosha, hivyo hugonga ukuta na kurudi, likakutana na lile linalofuata.

Fikiria bembea. Ukiisukuma ovyo ovyo inayumba tu. Ukiisukuma kila inaporudi mkononi, visukumo vidogo vinaipeleka juu sana. Chumba ni bembea ya hewa. Sauti inayokwenda ukuta wa pili na kurudi, katika upana wa mita 4, hutembea mita 8, safari inayoweza kufanywa takriban mara 43 kwa sekunde. Sabufa, ile spika ya besi peke yake, ikipiga karibu na 43 Hz, kila msukumo mpya unakuta ule wa zamani umerudi mlangoni kwake, na hewa ya chumba inaanza kubembea. Kwa urefu wa mita 5 hilo hutokea karibu na 34 Hz.

Hadi hapo mtu atasema: vizuri, basi besi itakuwa nyingi. Ni nyingi kweli, ila si kila mahali, na hapa ndipo nilipochelewa kuelewa. Fikiria basi lililojaa hadi milangoni, watu wamesimama bega kwa bega. Dereva anafunga breki ghafla: walio mbele wanabanwa, walio nyuma wanapata nafasi. Anakanyaga mafuta: sasa wa nyuma ndio wanabanwa, wa mbele wanapumua. Arudie hivyo mara nyingi. Yule wa katikati kabisa anapata nini? Anasogezwa mbele na nyuma, lakini habanwi zaidi wala kuachiwa zaidi. Msongamano ulio karibu naye ni uleule muda wote.

Sikio ni mpimaji wa kubanwa. Haliulizi hewa imesogea kiasi gani, linauliza imebanwa na kuachiwa kiasi gani. Kwa hiyo aliyekaa katikati ya chumba, pale hewa inapokimbia huku na huko kuliko mahali pengine popote, anasikia kidogo sana. Aliyesimama ukutani, hewa isipoweza kwenda popote, anapata yote. Na kona? Kona ni ukuta mara tatu: wa urefu, wa upana, na sakafu au dari. Huko migandamizo yote ya aina hii inafika kileleni. Shemeji alikuwa amesimama kwenye kiti bora cha besi katika nyumba nzima, naye hakukitaka.

Mimi nilikuwa nimejipima kwa uangalifu mkubwa hadi katikati ya upana na katikati ya urefu. Sabufa yangu ilikuwa moja, kwenye kona, mahali ambapo huibembeza hewa kwa nguvu kuliko popote. Ningetafuta kwa makusudi mpangilio mbaya zaidi nisingeupata haraka hivyo.

Hesabu hizi ni za chumba cha kuta ngumu kilichofungwa kabisa. Ukuta mwepesi hunepa, dirisha hutetemeka, mlango ulio wazi huvujisha, kwa hiyo katika nyumba halisi noti hupungua sana badala ya kutoweka, na namba huhama kidogo. Zaidi ya hapo, hali hii hutawala masafa ya chini tu. Katika chumba cha kawaida cha kuishi, ukipanda hadi mahali fulani kati ya 100 na 300 Hz, mabembea yanakuwa mengi na kukaribiana kiasi cha kuzibiana mapengo. Huko juu spika ndiyo inayoamua zaidi kile unachosikia, na huko ndiko fedha ya spika nzuri inakoonekana.

Hapa pia ndipo filamu na muziki vinapogombana. Sauti ya filamu ya 5.1 ina njia tano za kawaida na moja ya besi, na hiyo njia ya ".1" imetengewa mishindo ya chini hadi 120 Hz, na hupigwa desibeli 10 juu ya njia nyingine. Mlipuko humwaga masafa mengi kwa pamoja. Likikosekana moja, mengine yanaziba, na mtazamaji anaruka kitini kama ilivyokusudiwa. Gitaa la besi halina huruma hiyo. Linatembea noti moja moja: E ya 41 Hz imemezwa, G ya 49 inachungulia, A ya 55 inasimama wima. Katika chumba changu mpigaji alisikika kama mtu anayeshuka ngazi zilizokosa vidato. Aliyejaribu vifaa vyake kwa filamu za milipuko peke yake anaweza kuishi miaka akiamini chumba kiko sawa. Kama chumba ni cha kazi mbili, kijaribu kwa muziki. Filamu itasamehe.

Nilipofika hapo nikafikiria sponji. Kila aliyeona picha za studio amefikiria sponji, na historia inampa moyo. Mwaka 1895 Wallace Clement Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard alitakiwa atibu ukumbi wa mihadhara ambao maneno yalikuwa yakirudiana hadi hayasikiki. Alifanya kazi usiku, akibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akipiga bomba la kinanda na kupima kwa saa mwangwi unachukua muda gani kufa. Kutokana na mito hiyo ukazaliwa mlinganyo wa muda wa mwangwi unaotumika hadi leo.

Lakini bomba lake lilikuwa la 512 Hz, ambalo wimbi lake lina urefu wa sentimita 67 hivi. Kitu chenye vinyweleo hunyonya sauti vizuri pale hewa inapokwenda kasi, na sehemu hiyo iko robo ya wimbi kutoka ukutani. Kwa 512 Hz, robo ni sentimita 17: mto mnene unaikaribia. Kwa E ya gitaa la besi, robo ni mita 2. Sponji ya sentimita 5 iliyobandikwa ukutani imekaa mahali hewa ya besi imesimama tuli, ikisubiri kitu kisichokuja. Itatuliza kelele za juu, na hiyo ni faida, ila ukibandika nyingi chumba kinakuwa kizito chini na kimekufa juu.

Marekebisho ya kidijitali yaliyomo kwenye risiva za kisasa, zile amplifaya zinazogawa sauti kwa spika zote, je? Unaweka maikrofoni ndogo kitini, mashine inapiga milio, inasawazisha. Palipovimba inapunguza, na inafanya hivyo vizuri. Palipo na shimo haina la kufanya. Tuseme pengo lina kina cha desibeli 20. Kulijaza kunadai nguvu mara 100, wati 50 ziwe 5,000, na hata zikipatikana, wimbi linalokwenda na linalorudi yanakua pamoja na kuendelea kufutana palepale. Sabufa inaungua, shimo linabaki.

Kilichosaidia kwanza hakikuwa cha kununua. Nilisogeza kochi nyuma chini ya mita moja kutoka katikati, na nusu ya tatizo ikaondoka. Wapo wanaotaja asilimia 38 ya urefu wa chumba kama mahali pa kukaa. Ichukue kama pa kuanzia, kwa sababu hesabu hiyo haijui mlango wako uko wapi. Upana ndio uliokaidi, kwa kuwa stirio inakulazimisha ukae katikati ya spika mbili.

Dawa ya upana ni sabufa mbili ndogo badala ya moja kubwa, moja katikati ya ukuta wa kushoto na moja katikati ya ukuta wa kulia, zikipiga kitu kimoja kwa pamoja. Rudi kwenye basi: sasa mbele na nyuma vinasukumwa kuelekea ndani kwa wakati mmoja. Haiwezekani tena upande mmoja ubanwe huku wa pili ukiachiwa, kwa hiyo bembea ile ya 43 Hz haianzi. Mwaka 2002 Todd Welti wa kampuni ya Harman alichapisha majaribio ya mipangilio mingi ya sabufa. Nne, moja katikati ya kila ukuta, zilikuwa miongoni mwa zilizofanya vizuri zaidi. Mbili zinazotazamana hazikuwa mbali nazo. Kuongeza rundo zaidi hakukuleta cha maana. Vyumba vyake vilikuwa vya mstatili. Sebule yenye kona ya ziada haifungwi na matokeo hayo. Ndiyo sababu, kati ya vipengele vyote vya risiva, siku hizi naangalia kwanza kama ina matundu mawili ya kutolea sauti ya sabufa yanayoweza kurekebishwa kila moja peke yake.

Kwangu katikati ya ukuta wa kulia kuna kabati lisilohamishika, kwa hiyo nafasi ya sabufa ya pili ilibidi itafutwe. Kuna njia ya kuchekesha inayofanya kazi. Sauti ikitoka A kwenda B hukutana na chumba kilekile kama ikitoka B kwenda A, kanuni ambayo mwanafizikia Lord Rayleigh aliieleza katika karne ya 19. Basi weka sabufa juu ya kochi, pale unapokaa, piga wimbo wenye besi inayopanda na kushuka, kisha tambaa kando ya kuta, sikio likiwa kimo cha sabufa. Mahali noti zote zinapolingana, ndipo pa kuiweka.

Nilikuwa nimefika chini ya dirisha, shavu karibu na sakafu, mlango ulipofunguka.

"Shemeji, umeangusha nini?"

"E."

Akaweka mkoba chini, akapiga magoti, akaanza kuitafuta upande wa pili.